Kidonge cha Kengele ya Kwanza

Kwa mamlaka niliyopewa na Bweni la Nne, na kwa niaba ya Kamati Kuu ya Vichekesho ambayo mimi ni mwenyekiti wake wa maisha, natangaza kwa wananchi wote wa Kisarawe na Kibaha kwamba mwezi Desemba wa mwaka wa sabini na tano, katika kijiji chetu cha ujamaa upande wa Chole, maisha ya Bibi Sikudhani, mama yake baba yangu, yaliokolewa na mimi, Abeid, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa akili, kwa mbio na kwa elimu ya sayansi.

Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja. Bweni la Nne halikunipa mamlaka yoyote, lilinipa kunguni. Na hayo mengine yote niliyotangaza, ngoja niyaeleze kwa utaratibu.

Bibi aligunduliwa kuwa na kisukari mwezi Agosti, alipokwenda Kibaha kumtazama baba mdogo anayekaa Tangini. Alikuwa anakunywa maji kama ng'ombe na kuamka usiku mara nne. Mimi nasoma hukohuko Kibaha, nikaombewa ruhusa niende naye hospitali kwa sababu najua kusoma na kuandika, na kwa sababu Bibi alisema haendi mahali kuvuliwa nguo bila mume wake. Mume ndiye mimi. Kwetu mjukuu ni mtani wa bibi yake. Anaweza kumwita mke, kumficha viatu, kumtia chura kwenye kapu, na hakuna wa kumkanya. Haki hiyo niliitumia tangu nilipoota meno.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Redempta. Alikuwa mwembamba, hacheki, na alimwekea Bibi vidonge vyeupe mkononi kama mtu anayekabidhi risasi.

"Bibi, ni kimoja tu, asubuhi. Chakula kiwe mbele yako kabla hujakitia mdomoni. Hakuna chakula, hakuna kidonge. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu. Na nikisahau?"

"Ukisahau, umesahau. Kesho yake usimeze viwili kufidia."

"Na wakati nitaujuaje? Sina saa mimi."

"Kijijini kwenu mnajuaje wakati?"

"Kwa kengele," alisema Bibi. "Ya kwanza ya kuamka, ya pili ya kwenda shamba la kijiji. Katikati ndipo tunapokula."

"Basi ya kwanza ikilia, pika uji wako, uupakue, umeze kidonge, ule. Ya pili ikukute umeshiba."

Kisha Redempta alinigeukia mimi. "Wewe msomi, sikiliza. Kidonge hiki kinashusha sukari mwilini. Akimeza asile, kitaishusha kupita kiasi. Atatoka jasho, atatetemeka, ataongea kama mlevi. Ukiona hivyo, usingoje, mpe sukari. Kama hawezi kumeza, usimmiminie maji, atapaliwa. Mpake sukari ndani ya shavu. Halafu mleteni hospitali hata kama ameamka, maana dawa hii inakaa mwilini kutwa kucha, na sukari inaweza kushuka tena. Nakukabidhi wewe."

"Ndiyo, Sista," nilisema, nikapiga saluti. Hakucheka.

Alimpa Bibi na barua ya kupeleka duka la kijiji, auziwe sukari kidogo nje ya mgawo. Sukari mwaka ule ilikuwa haionekani. Bibi aliipata vijiko vinne, akavifunga kwenye kipande cha nailoni, akakifungia pindoni mwa kanga, akawa anatembea nacho popote. Watu walimcheka. Mgonjwa wa sukari anatembea na sukari! Yeye alijibu kwamba hata mtu anayeogopa moto huweka kiberiti ndani.

Shule ilipofungwa nilikwenda kijijini. Siku ya pili niliona jambo. Bibi alikuwa anafuata kengele kuliko alivyofuata chakula. Kengele ilipogongwa mara ya kwanza, alitoa kidonge, akasema bismillahi, akameza, ndipo akaanza kuwasha moto. Uji ulikuwa bado ni unga na maji. Nilijua kwamba sivyo alivyoagizwa. Nilitaka kumwambia. Lakini nilikuwa bado kitandani, na kitanda kilikuwa na joto, na kati ya kengele na kengele palikuwa na karibu saa nzima, uji uliiva na aliula kabla ya ya pili. Nikasema moyoni kwamba hesabu imekubali.

Siku ya nne nilikula sukari yake. Niliifungua pindoni alipokuwa anaoga, nikaifungasha kwenye karatasi ya daftari, nikatia chumvi kwenye nailoni, kijiko kwa kijiko, kwa haki na usawa, nikafunga fundo vilevile. Nusu niliiramba siku hiyohiyo. Nusu nyingine niliiweka mfukoni mwa kaptura ya shule kwa siku za shida. Nilikusudia siku moja nimwombe Bibi aonje, nione uso wake, tucheke. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Mpango wa kengele ulikuja baadaye.

Kengele yetu ilikuwa rimu la lori lililoning'inizwa kwenye nguzo mbele ya ofisi ya kijiji. Mpigaji wake alikuwa Mzee Kitwana, na nondo ya kupigia alilala nayo. Tangu kijiji kilipoanzishwa hakuna mtu mwingine aliyeligusa rimu lile. Ya kwanza alipiga mapigo matatu, ya pili saba, ya taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake. Baada ya ile ya kwanza alikuwa akiiegemeza nondo kwenye nguzo na kwenda kunywa maji ya moto kwa mkewe.

Na ya pili ikishalia, asiyefika shambani kwenye mstari alipewa ngwe mbili za kulima kama adhabu juu ya ngwe yake. Hiyo ilikuwa sheria ya Mwenyekiti Mwinyimadi, mtu mwenye tumbo la kutosha familia mbili, ambaye mimi nilitamani sana kumwona akikimbia.

Kwa hiyo Jumatano, Mzee Kitwana alipogonga tatu zake na kuondoka, nilihesabu dakika kumi kwa kichwa, nikatoka nyuma ya ofisi, nikaichukua nondo, nikagonga.

Wananchi, niwaambie ukweli, kilikuwa kichekesho kizuri kuliko vyote nilivyopata kufanya. Milango ilifunguka kama vile nyumba zimekohoa. Watu walitoka na majembe na miswaki midomoni. Mama mmoja alitoka na mwiko. Mwinyimadi alitoka hana shati, ameshika suruali kwa mkono mmoja, anakimbia tumbo likitangulia, anapiga kelele, "Mstari! Mstari!" kabla hata hajafika njia kuu. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya ofisi nimejitia ngumi mdomoni. Cheko ndilo lililonifanya niache kugonga mapema.

Kisha nikamwona Bibi akipita na jembe, anakwenda mbio za kizee, anahema. Nyuma yake jikoni moshi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza.

Nilijua. Sitasema kwamba sikujua. Kidonge alikuwa amekimeza, na uji ulikuwa haujachemka. Nilisimama hapo nikajiambia kwamba watagundua kosa, watarudi nyumbani kula, mambo yataisha.

Hawakurudi. Mzee Kitwana alifika shambani bado ana kikombe mkononi. "Mimi sijapiga ya pili," alisema. "Wallahi sijapiga."

Mwenyekiti alikuwa ameshakimbia mbele za watu bila shati, na mtu aliyekwisha kukimbia hivyo hawezi kukubali kwamba amekimbia bure. "Leo tunaanza mapema kwa makusudi," alisema. "Na wewe Mzee, kama hukupiga wewe, kapiga nani? Shetani?"

"Labda," alisema Mzee Kitwana.

Watu walicheka. Mtu mmoja akasema, "Uzee huo, babu! Umepiga, umesahau!"

Mzee alitazama kikombe chake. "Huenda nimepiga," alisema polepole. "Huenda nimepiga nikasahau."

Mwinyimadi alimwambia kwamba kuanzia kesho kengele itapigwa na kijana, na leo alime ngwe mbili za adhabu kwa kusumbua umma. Mimi nilikuwa kwenye mstari na jembe langu, nimefika wa mwisho, nimeulizwa nimechelewa wapi. Nikajibu kwamba nilikuwa nimelala fofofo, sikusikia kitu, Bibi ndiye hakuniamsha. Bibi alinitazama.

Tulianza kupalilia. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka kwenye ngwe kabla hajaimaliza. Shangazi Tatu, binti yake Bibi, alikuwa ngwe ya pili kutoka kwetu. Jua lilianza kupanda. Niliona kwanza jembe la Bibi linapiga mahindi badala ya majani. Shina moja, la pili, la tatu.

"Bibi Sikudhani!" alipaza sauti Mwinyimadi. "Hayo ni mahindi ya umma!"

Bibi aliinua kichwa. Kanga ilikuwa imelowa jasho mgongoni kama aliyenyeshewa. Alimtazama Mwenyekiti, akatabasamu, akamwambia, "Mwambie baba yako aje anichukue, nimechoka kungoja harusi."

Shamba zima lilicheka. Mwinyimadi mwenyewe alicheka. "Mnazi huo!" alisema mtu. "Mke wa watu kapiga tembo asubuhi yote hii!" Mwingine akadakia, "Kumbe ule uji anaoupika kila siku si wa mtama!" Shangazi Tatu aliona haya, akamwambia, "Mama, kaa chini, unatuaibisha." Bibi alikaa. Mikono ilimtetemeka kama mtu anayepepeta mchele. Akatafuta pindo la kanga, akalifungua kwa meno, akamimina vyote vilivyokuwamo mdomoni.

Nilikuwa naye hatua tano. Niliuona ule uso niliokuwa nautaka tangu siku ya nne.

Alitema. Alitema tena, akafuta ulimi kwa kiganja kama mtoto aliyepewa kwinini. Watu wakazidi kucheka. Shangazi aliokota nailoni, akaonja. "Chumvi! Mama umejifungia chumvi! Macho haya jamani, macho!" Na Bibi, kwa ulimi mzito, akawa anasema, "Nilifunga sukari mimi. Nilifunga sukari." Hakuna aliyemsikiliza.

Sukari ilikuwa mfukoni mwangu. Ilikuwa inanigusa paja.

Ningeitoa palepale. Ni kutia mkono na kuutoa, basi. Lakini ningeitoa, wangeuliza imefikaje mfukoni, na likifunguka moja, la kengele lingefuata. Mimi ni hodari wa hesabu. Niliipiga upesi, nikapata njia ya tatu.

"Siyo tembo!" nilipiga kelele. "Sukari imemshuka! Nyumbani iko sukari, naifuata!" Nikatimua mbio.

Kutoka shambani hadi nyumbani ni mwendo. Kwa mbio, kwenda na kurudi, si chini ya dakika kumi. Nilikwenda hadi kwenye mikorosho, mahali wasipoweza kuniona, nikakaa chini na karatasi ya sukari mkononi, nikaanza kuhesabu. Nilitaka nihesabu hadi mia tano ili safari iaminike. Nilipofika tisini, kicheko cha shambani kilikatika. Nilipofika mia na arobaini, Shangazi Tatu alipiga ukelele ambao sijapata kuusikia hata msibani. Niliendelea kuhesabu. Nilifika mia mbili na kumi na moja, ndipo miguu yenyewe ikasimama, mimi sikuiambia.

Nilimkuta Bibi amelala ubavu, amekakamaa, damu imemtoka mdomoni, ameuma ulimi. Waliomwita mlevi walikuwa wamesimama na mikono kichwani. Mtu alikuwa analeta kibuyu cha maji. Nikasema kwa sauti ya Redempta, "Msimmiminie maji!" Nikampaka sukari ndani ya shavu, kidogo, na kidogo tena, vidole vyangu vikapata damu yake. Shangazi alikuwa anasoma Yasini anachanganya aya. Baada ya muda mrefu Bibi alimeza mate. Akafumbua macho, akanitazama mimi kwanza.

Ndipo nilipokuwa shujaa. Mwinyimadi alinishika bega mbele ya wote. "Mnaona faida ya elimu? Mnaona? Kijana huyu kakimbia kama paa!" Wazee waliniombea dua. Kikongwe mmoja alinibusu mkono. Mzee Kitwana alikuja na kikombe chake kile, sasa kina maji ya miwa, akanipa nimnyweshe Bibi, akasema, "Nisamehe, mjukuu wangu. Mimi ndiye nimeyaleta haya, na kengele yangu." Nikamjibu, "Yameshapita, babu." Wananchi, nilimsamehe.

Lori la ushirika lilikuwa linapeleka korosho Mlandizi siku ile. Tulimlaza Bibi juu ya magunia, Shangazi na mimi tukakaa pembeni. Alikula ndizi moja na kipande cha muhogo. Baada ya Mzenga akaanza tena kutoka jasho na kumwita marehemu mume wake, kama Redempta alivyosema. Tulimpa maji ya miwa yaliyobaki, tukabisha hodi kwenye nyumba ya watu tusiowajua kuomba chai ya sukari, tukapewa nusu kikombe. Tulipofika Mlandizi, dereva akakubali kutufikisha hospitali mwenyewe. Kutoka Visiga hadi hospitali Bibi hakusema kitu chenye maana.

Walimtundikia chupa ya maji ya sukari. Alasiri ilipofika alikuwa amekaa, ameegemea mto, ulimi umevimba. Redempta alisimama miguuni pake na kadi. "Alimeza bila chakula," alisema. "Kwa nini?"

Shangazi alieleza yote: kengele iliyopigwa kabla ya wakati na mzee aliyechoka akili, chumvi iliyofungwa na mama mwenye macho mabovu. "Kama si huyu kijana," alisema, "leo tungekuwa tunachimba kaburi."

"Umefanya vizuri," Redempta aliniambia. Nilitaka kupiga saluti, mkono ukakataa. Kisha akamgeukia Bibi. "Na wewe Bibi, si kengele inayomeza kidonge. Siku uji haupo mezani, hata wagonge rimu mpaka lipasuke, usimeze."

"Nimekoma, mwanangu," alisema Bibi. Akanyoosha mkono, akanishika kidole gumba kama zamani nilipokuwa mdogo. "Mume wangu."

"Naam, mke wangu."

"Unajua mimi naihesabu kengele kila siku. Kwa sababu ya dawa. Ile ya pili Kitwana hupiga ngapi?"

"Saba."

"Saba. Tangu kijiji kianze, saba. Leo nilikuwa jikoni, nikahesabu, nikasema, mbona hazikutimia? Nadhani zilikuwa tano."

"Sita," nilisema.

Nilisema upesi, kama ninavyomsahihisha kila anapokosea hesabu. Ndivyo walivyotufundisha shuleni: ukijua jibu, usilikalie.

Hakuniachia kidole.

"Sita," alisema. "Na wewe ulikuwa umelala fofofo. Hukusikia kitu."

Shangazi Tatu aliacha kukunja kanga. Redempta alishusha kadi. Niliangalia chupa, tone, tone, nikitafuta kichekesho, maana Mwenyekiti wa Kamati hakosi kichekesho. Hapakuwa na kitu.

"Nilipiga mimi," nilisema. "Nilitaka kumwona Mwinyimadi akikimbia. Niliacha kwenye sita kwa sababu ya kucheka."

"Na chumvi?"

"Mimi. Sukari niliila. Nusu niliila."

"Na nusu uliikimbilia nyumbani," alisema Shangazi, kwa sauti ya mtu anayeomba liwepo japo moja la kweli.

Hapo ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyekuwa ameniona. Bibi alikuwa ananitazama, ulimi umemvimba mpaka midomo haifungi, na sikuona hasira usoni pake. Alikuwa anangoja tu, kama anavyongoja uji uchemke.

"Sikwenda nyumbani," nilisema. "Ilikuwa mfukoni. Nilikaa kwenye mikorosho nikahesabu, ili msijue. Nilisikia shangazi akilia nikaendelea kuhesabu. Nilifika mia mbili na kumi na moja."

Bibi akaniachia kidole.